Usalama wa wafanyakazi kwenye kazi ya lami: ya kupanga kabla tipa la kwanza halijafika

Mtu asiyeijua kazi ya barabara akiona lami inamwagwa ikifuka moshi, anadhani hatari yote iko pale. Lami inaunguza kweli, na mbele tutaizungumzia kwa kirefu. Lakini wanaokufa kwenye saiti za barabara, wengi wao huuawa na magurudumu: gari la mpita njia lililovamia eneo la kazi, au tipa la kazi yao wenyewe likirudi nyuma. Kwa hiyo mpango wa usalama unaoanza na kofia na glovu umeanzia mkiani. Anza na mahali mtu anaposimama na mahali gari linapopita.

Yanayofuata yanamhusu fomeni, injinia wa saiti na yeyote aliyekabidhiwa usalama. Sheria za nchi yako na masharti ya mkataba wa kazi yanatangulia kipimo chochote kilichotajwa hapa.

Hatua ya 1: Tembea njia nzima kwa miguu

Usiipite kwa gari. Tembea wewe, fomeni wa lami na dereva mmoja wa tipa, maana dereva huona vitu ambavyo injinia hatazami: tawi lililoinama, kona isiyo na nafasi ya kugeuza, mteremko ambao tipa likinyanyua bodi litalala upande. Kila mnachokiona kiandikeni pamoja na mahali kilipo.

Tazameni juu kwanza. Bodi ya tipa ikinyanyuliwa hufika mbali kuliko watu wanavyodhani, na umeme mkubwa haungoji kuguswa ndipo uruke. Kipimo kinachotumika sana ni kukaa umbali wa mita 3 au zaidi kutoka kwenye nyaya za hadi kilovolti 50, na kuongeza umbali kadiri umeme unavyozidi. Penye nyaya, wekeni alama mbili pembeni, moja kabla na moja baada, na katikati yake pasiwe na bodi inayonyanyuliwa. Mashine ya kutandaza, yaani peva, ikibidi kupita hapo, tipa lishushe bodi kwanza, peva itandaze kilichobaki kwenye hopa yake, yaani beseni la mbele la kupokelea lami, kisha ushushaji uendelee upande wa pili. Itakula muda kidogo, na huo muda uwekwe kwenye ratiba mapema ili dereva asije akalaumiwa kwa kuchelewesha kazi. Ikitokea bodi imegusa waya, dereva abaki ndani ya kibini na wengine wote wakae mbali mpaka wenye umeme wathibitishe kuwa wamekata. Anashuka tu gari likiwaka moto, na hapo anaruka miguu ikiwa pamoja, bila kushika gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Kisha tazameni chini. Kama lami ya zamani itakwanguliwa, tafuteni ramani za nyaya na mabomba yaliyofukiwa, na msiziamini mpaka mmepima kwa kifaa. Kagueni pia kingo za tuta, kwa sababu ndipo rola hupindukia.

Mkirudi, msiandike orodha ya hatari za saiti kwa ujumla, ile inayonakiliwa kutoka mradi hadi mradi mpaka jina la barabara ya zamani linabaki humo. Andikeni kazi moja moja: kupuliza lami ya chini, kupokea tipa, kupiga reki, kushindilia, kukata viungo vya lami. Kwa kila kazi jiulizeni kwa mpangilio huu: je, hatari hii inaweza kuondolewa kabisa? Kama haiwezi, kuna njia au bidhaa nyingine? Kama hakuna, inaweza kuzibwa kwa mtambo au uzio? Utaratibu na mafunzo vinafuata, na vifaa vya kuvaa vinakuja mwisho. Chukua moshi wa lami: unaweza kupunguzwa kwa kutumia mchanganyiko unaotengenezwa kwa joto la chini, unaweza kufyonzwa na feni ya peva, watu wanaweza kupokezana. Ukiruka yote hayo ukagawa barakoa, umemwachia kibarua mzigo ambao ni wako.

Hatua ya 2: Ondoa magari ya wapita njia, au yasukume mbali

Kufunga barabara yote na kuchepusha magari ndiyo njia salama kuliko zote. Iombeni kila inapowezekana, hata kama mnajua mtakataliwa. Mkipewa nusu ya barabara, gawanyeni eneo katika sehemu nne: vibao vya onyo, mshazari wa koni unaohamisha magari, eneo tupu, halafu eneo la kazi.

Mshazari mfupi ndio kosa la kawaida. Dereva anakutana na koni ghafla, anakata usukani, na gari linaishia kwa wenye reki. Kanuni inayotumika Marekani ni rahisi kukokotoa: kwa kasi isiyozidi kilomita 60 kwa saa, zidisha upana wa njia inayofungwa kwa mita na kasi mara kasi, kisha gawanya kwa 155. Kwa kasi ya 70 au zaidi, zidisha upana kwa kasi, gawanya kwa 1.6. Njia ya mita 3.5 kwenye barabara ya kasi ya 60 inataka mshazari wa mita 81 hivi. Kwa kasi ya 80 inafika mita 175. Tumieni kasi ambayo magari huenda kweli, maana kibao cha 50 hakijawahi kupunguza gari lililozoea 80.

Eneo tupu libaki tupu. Hapo ndipo gari lililopoteza breki linapopewa nafasi ya kusimama, na hapo ndipo kila mtu anapotamani kuegesha pikapu, kuweka pipa la maji au kukaa kivulini mwa lori. Anayeegesha hapo aondolewe mara moja, awe ni nani.

Mshika bendera asimame begani mwa barabara, si katikati ya njia, awe peke yake ili dereva amwone kama mtu na si kama kundi, na awe amechagua mapema pa kukimbilia. Mahali penye mtaro mrefu au ukingo wa daraja nyuma yake hapafai. Awasiliane na mwenzake wa upande wa pili kwa redio, kwa sababu kupungiana mikono kukifichwa na tipa moja tu, magari ya pande mbili yanaachiwa kwa pamoja. Na kazi hii asipewe mtu kwa kuwa hana kazi nyingine siku hiyo. Ni kazi ya mtu aliyefundishwa, anayepokewa mara kwa mara, kwani macho yanachoka kabla ya miguu.

Usiku, taa zielekezwe chini na pembeni. Taa inayompiga dereva usoni inamficha mfanyakazi aliye nyuma yake. Utajua kwa kuendesha gari kupita pale wewe mwenyewe kutoka pande zote mbili kabla kazi haijaanza.

Hatua ya 3: Panga mwendo wa mitambo ndani ya uzio

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine popote.

Lengo la kwanza ni kupunguza kurudi nyuma. Kama kuna nafasi ya tipa kuingia mbele, kugeuza mahali pamoja palipotengwa na kurudi nyuma umbali mfupi tu hadi kwenye peva, panga hivyo. Kurudi nyuma mita mia tatu katikati ya watu kwa sababu hakuna aliyefikiria pa kugeuzia ni uzembe wa mpango, dereva msimlaumu.

Kila tipa linaporudi liwe na mwelekezaji mmoja. Wawili wakipunga mikono, dereva hana wa kumfuata. Mwelekezaji asimame upande wa dereva, aonekane kwenye kioo muda wote, asiingie kamwe kwenye mstari wa magurudumu. Sharti la dereva ni moja: nikipoteza kumwona mwelekezaji, nasimama. King'ora cha kurudi nyuma ni kizuri, ila saiti yenye mitambo sita inayolia kwa pamoja masikio huzoea, na baada ya saa mbili hakuna anayegeuka.

Tipa na peva vinavyokutana vina adabu yake. Tipa husimama hatua moja au mbili kabla ya peva, gia inaachwa huru, na peva ndiyo inayosogea kuligusa kwa rola zake ndogo za mbele za kusukumia na kulisukuma. Tipa likirudi mpaka kuigonga peva, lami inaharibika usawa wake, na aliyekuwa katikati anabanwa. Ile nafasi kati ya tipa na hopa haina shughuli ya mtu yeyote, hata kwa dakika ya kukomba lami iliyomwagika chini. Koleo la lami iliyoanguka mbele ya peva linaondolewa vyote vikiwa vimesimama na mwendeshaji amekubali kwa ishara.

Lami inayogandia nyuma ya bodi ni mtego mwingine. Utingo hupanda au kuingiza mkono kwenye mlango wa nyuma kukwangua, mlango unafunga. Akwangue akiwa chini, kwa chombo chenye mpini mrefu, mlango ukiwa umezuiwa, mbali na njia ya magari. Vilevile peva au mashine ya kukwangua ikikwama kitu kwenye skrubu au ngoma, injini izimwe na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefungua. Kuiacha ikinguruma ili "tusipoteze joto" ndiko kunakokata vidole.

Rola huua kwa namna mbili. Ya kwanza ni kupinduka ukingoni, hasa tuta likiwa laini au rola ikigeuka mteremkoni. Fremu ya kumkinga mwendeshaji ipo kwa ajili hiyo, lakini haina faida bila mkanda: rola ikilala, asiyefunga mkanda hurushwa, na mara nyingi fremu ileile ndiyo inayomwangukia. Wekeni mstari wa rangi au koni kuonyesha umbali ambao rola haivuki. Namna ya pili ni ukimya wa kazi yenyewe. Rola inakwenda mbele na kurudi polepole mchana kutwa, na anayepima usawa kwa rula ameipa mgongo akiamini bado iko mbali. Mpimaji, mwenye reki na mchukua sampuli wakubaliane na mwendeshaji kwa macho kabla ya kuinama. Wasipoonana machoni, wasiiname.

Hatua ya 4: Lami ya moto, na namna ya kumhudumia aliyeungua

Lami iliyochanganywa na kokoto hufika saiti ikiwa na joto la nyuzi 135 hadi 165 hivi, na lami tupu kwenye boza inaweza kuwa na joto zaidi ya hapo. Tofauti yake na maji ya moto ni kwamba haitiririki ikaisha: inanata na kuendelea kuunguza.

Adui mkubwa wa boza ni maji. Tone likikutana na lami yenye joto la juu ya nyuzi 100 linageuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya maji. Lami inaumuka, inatapika kupitia mfuniko na kuwapata waliosimama juu. Kabla ya kupakia, hakikisheni tangi halina maji wala mabaki ya ile lami ya emulsheni iliyobebwa safari iliyopita, kwa kuwa ndani yake kuna maji. Mipira na mabomba vilevile. Anayefungua mfuniko asimame upande upepo unakotokea, uso ukiwa mbali na tundu.

Sababu nyingine ya kukwepa tundu hilo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inayokusanyika juu ya lami ndani ya tangi. Mwanzoni inanuka kama yai viza, lakini ikizidi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ikipotea si dalili ya usalama. Hakuna anayeingiza kichwa, na hakuna anayeingia kusafisha bila hewa kupimwa, kibali kuandikwa na mtu wa kumwangalia kuwa nje.

Lami nyepesi ya kupuliza chini, ile iliyolainishwa kwa mafuta ya taa, inashika moto kirahisi. Sigara, jiko la kibarua na mtungi wa gesi wa kupashia skridi, yaani bamba la peva linalosawazisha lami, vikae mbali nayo, mipira ya gesi ikaguliwe kwa povu la sabuni kila asubuhi, na mitungi ya kuzima moto iwepo kwenye boza na kwenye peva, si stoo.

Na dizeli ya kusafishia makoleo? Imezoeleka, ni mbaya. Inatoa mvuke juu ya chuma cha moto, inalainisha lami iliyotandazwa, na mtu akianza kunawia mikono inamharibu ngozi. Kuna dawa za sabuni na mafuta ya mimea zinazofanya kazi hiyo.

Mtu akimwagikiwa, fanyeni hivi. Pozeni sehemu hiyo mara moja kwa maji safi yanayotiririka, yasiwe ya barafu, kwa angalau dakika 20, huku mwili mwingine ukifunikwa asishikwe na baridi. Vueni pete, saa na nguo ambayo haijashikana na ngozi. Lami iliyogandia iacheni: mkiibandua mnang'oa ngozi, na mkiipaka petroli au mafuta ya taa mnaongeza jeraha la pili. Kama imezunguka kidole, mkono au mguu mzima kama bangili, waambieni hospitali wazi kabisa, kwa sababu inapopoa inakaza na kuzuia damu, na daktari anatakiwa kuipasua. Jicho lioshwe kwa maji mengi bila kujaribu kuchokonoa. Yote haya yanadai pipa la maji safi lenye bomba karibu na peva, linaloburutwa kila peva inaposogea. Pipa lililoachwa kambini kilomita mbili nyuma halihesabiki.

Hatua ya 5: Yanayodhuru polepole

Mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilichapisha tathmini iliyouweka mfiduo wa lami, yaani kukumbana na lami na moshi wake, katika kazi ya barabara kwenye kundi la 2B, yaani huenda unasababisha saratani. Moshi wa dizeli na vumbi la silika, lile la mawe yanapokatwa au kukwanguliwa, viko kundi la 1, ambako ushahidi unatosha. Maana yake kiutendaji: msipashe lami kupita joto lililoelekezwa, kwani moshi huongezeka na joto, feni ya peva ifanye kazi, mitambo isingurume bure karibu na watu, na kukata au kukwangua kufanyike kwa maji yanayonyunyizwa kwenye msumeno. Anayekata akavu akavaa kitambaa mdomoni hajajikinga na chochote.

Kelele: kama watu wawili walioko umbali wa mita moja wanalazimika kupaza sauti, kelele huenda imepita desibeli 85, na vizibo vya masikio vinahitajika. Lakini asiyesikia mitambo anahitaji kulindwa zaidi dhidi ya mitambo, kwa hiyo rudieni hatua ya 3. Mashine za kushindilia kwa mkono zipokezaniwe. Vidole vinavyofa ganzi na kugeuka vyeupe ni dalili ya kuripotiwa.

Hatua ya 6: Joto kutoka juu na joto kutoka chini

Mwenye reki anapigwa na jua kichwani na lami miguuni. Maji ya kunywa yawe karibu, kikombe cha robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu na bila kuzidi lita moja na nusu kwa saa. Anayetoka jasho kwa saa nyingi ale pia, apate chumvi.

Mtu mpya ndiye anayeanguka, mara nyingi siku zake za mwanzo, kwa sababu anataka kuonyesha kuwa anaweza. Siku ya kwanza apewe asilimia 20 tu ya muda wa kazi ya joto, kisha ongezeni asilimia 20 kila siku. Akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuwa mkali bila sababu, msimtume akapumzike peke yake. Mwekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji na kumpepea huku mkiita gari la wagonjwa. Kiharusi cha joto huua ndani ya muda mfupi, na jasho linaweza kuwa bado linamtoka.

Hatua ya 7: Mavazi

Shati la mikono mirefu na suruali viwe vya pamba, kwa kuwa nailoni huyeyukia kwenye ngozi. Suruali ishuke juu ya buti, isichomekwe ndani, na mkono wa shati ufunike mdomo wa glovu. Lami ikiingia kwenye buti hakuna wa kuitoa kwa haraka. Wanaofungua boza na kupuliza wavae ngao ya uso. Reflekta iliyojaa lami haiakisi tena mwanga, ibadilisheni bila kusubiri ichanike. Vifaa vitolewe na mwajiri bure, kwa saizi tofauti, wanawake wakiwemo. Buti la namba kubwa kwa mguu mdogo ni la kukwaa mbele ya rola.

Hatua ya 8: Kikao cha asubuhi na haki ya kusimamisha kazi

Dakika kumi zinatosha kama mnaongea kuhusu leo: tipa zitaingilia wapi, nyaya ziko wapi, mwelekezaji ni nani, gari la dharura ni lipi na linapita njia gani. Ongeeni lugha ambayo vibarua wanaijua. Kisha mmoja wao aulizwe arudie, si aulizwe kama ameelewa, maana wote watajibu ndiyo.

Waambieni pia kwamba anayeona hatari ya moja kwa moja anaruhusiwa kuondoka na kutoa taarifa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mtu huyo asiadhibiwe, na ule namba 167 wa mwaka 1988 unahusu ujenzi wenyewe. Kibarua wa siku haamini maneno haya mpaka aone mwenzake amesimamisha tipa na jioni amelipwa kama wengine. Matukio ya kukoswakoswa yaandikwe siku hiyohiyo bila kutafuta wa kumkata mshahara, la sivyo mtayasikia siku yatakapokuwa ajali.

Hatua ya 9: Kufungua barabara

Kazi ikiisha watu wamechoka na kila mmoja anataka kuondoka, na ndipo koni zinapokusanywa hovyo. Vibao na koni hupangwa kwa kufuata mwelekeo wa magari, yaani onyo la kwanza linatangulia. Kuondoa ni kinyume chake, mkianzia kwenye eneo la kazi na kurudi kuelekea onyo la kwanza. Hivyo anayeokota koni ana onyo kati yake na magari yanayokuja mpaka dakika ya mwisho. Gari la kukusanyia liwe na taa zinazomweka, na lami iwe imepoa chini ya nyuzi 60 hivi kabla ya magari kuruhusiwa kupita. Vibao ambavyo vitatumika kesho vifunikwe au vigeuzwe usiku huo, na mtu mmoja kwa jina aandikwe kuwa ndiye aliyevikagua.